Saa chini ya kipanya: kisa cha dakika 12 za Kyaliwajjala

Ni saa ya mkono ya mishale, ya kiume, kioo chake kimekwaruzika upande mmoja na mkanda umefungwa kwa uzi mweusi. Ukiilaza mezani kioo kikitazama juu, kisha ukaweka kipanya cha kompyuta juu yake, jambo dogo linatokea. Chini ya kipanya kuna taa na jicho linalosoma uso wa meza. Mshale wa sekunde ukipita mbele ya jicho hilo, kompyuta hudhani mkono wa mtu umesogea. Alama kwenye skrini inatikisika kidogo tu, lakini inatosha: mfumo wa mahudhurio unaamini mfanyakazi yupo, na taa yake ya kijani kwenye skrini haizimiki.

Nilikutana na saa hiyo Juni 2024, kwenye kikao cha nidhamu mjini Kampala. Mwenyewe aliitoa kwenye bahasha ya kaki akaiweka mbele yetu bila kuulizwa. Wakati huo mimi nilikuwa msimamizi wa ubora wa timu ya Kiswahili, mmoja wa watatu tuliokaa upande wa pili wa meza. Ameniruhusu kuandika kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la kampuni, na sharti hilo nalitimiza.

Ni mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda, anayeishi Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, kwenye njia ya kwenda Namugongo. Kiswahili alikipata katika soko la mpakani kabla ya kukisoma popote, na ndicho kilichompa kazi. Kampuni yetu hupokea simu na ujumbe wa wateja wa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo kwa niaba ya kampuni nyingine. Inahitaji watu wanaoweza kumwelewa mteja wa Mwanza na wa Bukavu siku hiyohiyo bila kumfanya arudie swali. Yeye alikuwa miongoni mwa bora tuliokuwa nao. Sisemi hivyo kwa kumpendelea. Rekodi za simu nilizisikiliza mwenyewe kila wiki.

Kufanyia kazi nyumbani kulitukuta bila maandalizi, kama kulivyowakuta wengine. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipothibitishwa nchini na usafiri wa umma kusimamishwa siku chache baadaye, tulibeba kompyuta kwenda nazo nyumbani. Masharti yalipolegezwa, uongozi uliona kwamba kodi ya ukumbi imepungua na wateja hawajalalamika. Watu 23 wa Kiswahili hawakurudi tena ofisini. Kwa miezi mingi hatukuwa na sera yoyote, ila kundi la WhatsApp na kuaminiana. Kisha Januari 2021 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kama 5 wakati wa uchaguzi, nasi tukawa kimya kabisa. Mteja wetu mkubwa alikuja juu. Wiki chache baadaye sera ikaandikwa, na ukiisoma unaisikia hofu ya siku zile: kurasa 8, na karibu zote zinaeleza namna ya kuthibitisha kwamba mtu yupo. Kwamba kazi imefanyika, hilo lilipata aya mbili.

Sera hiyo iliandikwa kwa Kiingereza tu. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, na hawa ni watu tuliowaajiri kwa sababu ya Kiswahili chao. Bado hatukuona haja ya kuwaandikia sheria zao kwa lugha hiyo. Wakati huo hata mimi sikuliona hilo.

Kilichomkamata mama huyu ni vifungu vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza: kompyuta ikikaa dakika 5 bila kuguswa, taa ya kijani inageuka njano, na ikishageuka, dakika zote za kutoguswa nje ya mapumziko, pamoja na zile 5 za mwanzo, zinakatwa kwenye mshahara. Cha pili: dakika hizo zikizidi saa 3 kwa mwezi, unapoteza posho ya mahudhurio ya shilingi 100,000. Cha tatu: msimamizi anaweza kufungua kamera yako ghafla, wakati wowote wa zamu. Mapumziko yenyewe hayakuchaguliwa na mtu. Mfumo ulimpangia kila mmoja, na yeye alipangiwa saa tisa alasiri.

Sasa tuingie nyumbani kwake. Ni vyumba viwili kwenye mstari wa nyumba za kupanga, milango yote ikitazama ua mmoja wenye bomba moja. Meza yake ya kazi ni ya kupigia pasi, imesukumwa mpaka dirishani kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika. Huamka saa kumi na moja, anamwandaa binti wa darasa la pili, anamkabidhi kwa mwanaboda anayemjua, anachota maji, anawasha sigiri na kuinjika maharage yachemke taratibu mpaka mchana. Saa mbili kamili yuko mezani, amevaa blauzi ya ofisini na shuka kiunoni. Asubuhi anapokea simu. Kuanzia saa nane mchana anajibu ujumbe wa maandishi, na hapo simu haziingii kwake kabisa. Naomba msomaji ashike jambo hili la mwisho.

Alikuwa na tabia moja iliyonishtua zaidi ya ile saa. Tangu asubuhi hadi mchana hakuwa akinywa maji. Choo kipo nje, mwisho wa ua, na mara nyingi kuna foleni, nayo foleni ya choo ni njano. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba hapendi sukari.

Saa kumi na nusu jioni boda inamrudisha binti. Njia ya kushuka kwao ina mtaro uliobomoka ambao pikipiki haivuki, kwa hiyo mtoto anashushwa stejini, kando ya barabara kuu. Mama anatoka, anamchukua, wanarudi. Nimeipima njia hiyo kwa miguu yangu baadaye: ni dakika 12 kwenda na kurudi ukitembea haraka na mvua haijanyesha.

Tuchukue mwezi wa siku 22 za kazi. Dakika 12 mara 22 ni dakika 264, yaani saa 4 na dakika 24. Kwa mshahara wake wa shilingi 900,000, makato ya muda huo hayafiki shilingi 23,000. Hizo alikuwa tayari kuzibeba. Kilichomuumiza ni kwamba saa 4 na dakika 24 zimevuka kile kikomo cha saa 3, kwa hiyo posho yote ya 100,000 inaondoka. Boda ya shule ilikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, kila alipokwenda kumpokea mtoto, alipoteza pesa ya kumlipia aliyemleta.

Februari alipoteza posho. Machi akapoteza tena. Aprili akaanza kutumia saa, hila aliyofundishwa na mwenzake wa timu ambaye jina lake hakulitaja kikaoni, nasi hatukumbana alitaje.

Alinaswa hivi. Alhamisi moja ya Juni, kama saa kumi na dakika 35, msimamizi wa zamu alifungua kamera yake. Kiti kilikuwa kitupu na taa ni ya kijani. Mfumo ukapiga picha, kama ulivyopangwa kufanya. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na nyuma ya kiti, uani, alionekana mtoto wa jirani akiogeshwa ndani ya beseni, uchi. Picha hiyo iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi ikiwa na maneno matatu: "Kijani bila mtu." Tulikuwa tisa kwenye kundi. Niliitazama, nikaona kiti, nikaandika kwamba suala lifuatiliwe. Mtoto yule sikumwona mpaka kesho yake, na naona haya kuandika sentensi hii.

Barua ya kujieleza ilitoka Ijumaa. Ilizungumzia udanganyifu, na kila aliyeisoma alijua kwamba mwisho wake ni kumwaga unga.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haikuandikwa ikimfikiria mtu anayefanyia kazi kwenye meza ya pasi, lakini kwenye kikao cha namna hii inamsimamia vilevile. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, ampe muda wa kujiandaa, na asikilize utetezi wake akiwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Ofisa rasilimali watu alitarajia aje na mwenzake wa kazini. Alikuja na mjomba wake, askari mstaafu wa Arua, mtu wa Kiswahili cha kambini na shati lililopigwa pasi likasimama. Kikao kikaendeshwa kwa Kiswahili, na mwenyekiti akawa anamwita "Afande" tangu dakika ya kwanza.

Tulisoma mashtaka. Mama akakubali yote. Alisema, "Nilifanya, Madam. Nilijua si vizuri." Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika.

Mjomba akainua mkono. "Mimi kompyuta sijui. Nauliza moja tu. Hii saa ilipokuwa inashika zamu ya huyu mtoto, mteja gani aliita akakosa mtu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwenye jalada tulikuwa na picha, na orodha ya miendo ya kipanya isiyoambatana na herufi yoyote, dakika 12 kila siku kwa saa ileile. Hatukuwa na ukurasa hata mmoja kuhusu wateja. Niliomba kikao kiahirishwe kwa siku mbili, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kujisifia katika kisa hiki.

Siku hizo mbili nilizitumia kwenye kumbukumbu za ujumbe. Wateja wa huduma ile walikuwa wameahidiwa jibu ndani ya dakika 30. Kati ya Aprili na siku ya picha hakuna ujumbe hata mmoja wa kipindi cha saa kumi na nusu uliovuka muda huo mikononi mwake. Tulikuwa tunamdai mfanyakazi jambo ambalo mteja hakuwahi kulidai. Mteja alimpa nusu saa, sisi tukampa dakika 5.

Kisha nikapata kitu kingine. Januari, kabla ya muhula kufunguliwa, alikuwa ameandika barua pepe fupi ya Kiingereza safi akiomba mapumziko yake yatolewe saa tisa yapelekwe saa kumi na nusu, kwa sababu ya mtoto. Alijibiwa siku hiyohiyo: mapumziko hupangwa na mfumo, ahsante kwa kuelewa. Jibu lilikuwa langu. Lilikuwa jibu la kunakili, nilikuwa nalo tayari kwa maombi ya aina hiyo, na nilipolituma sikusoma neno "mtoto". Mfumo wenyewe uliruhusu mapumziko kusogezwa. Nilijaribu jioni ile, ikachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nilipeleka karatasi zote mbili kikaoni, kumbukumbu za ujumbe na barua pepe ile.

Wenzangu walikuwa na hoja, na siyo ya kupuuzwa. Alidanganya kwa karibu miezi mitatu. Kama mtu anaweza kuweka saa chini ya kipanya kwa dakika 12, tutajuaje kwamba hafanyi hivyo kwa saa mbili? Na kwenye simu za asubuhi hila hiyo ingekuwa balaa kweli, kwa sababu mfumo hupeleka simu kwa mwenye taa ya kijani, na mteja angebaki akisikiliza mlio. Hapo nakubali kabisa: anayepokea simu lazima awepo, na taa ni kipimo cha haki. Lakini kosa lilitokea kwenye kazi ya maandishi, na kabla ya kudanganya alikuwa ameomba. Alipitia mlango wa mbele Januari, akaukuta umefungwa, na aliyeufunga alikuwa mimi. Kumfukuza kwa sababu Aprili alipita dirishani kungekuwa dhuluma, na nililisema neno hilo kikaoni.

Alipewa onyo la maandishi la miezi sita. Mapumziko yake yakahamishiwa saa kumi na nusu. Posho za Februari na Machi hazikurudishwa. Nilizipigania nikashindwa, na mpaka leo nadhani alistahili kuzipata.

Suala la picha lilichukua muda mrefu zaidi kuliko la saa. Uongozi ulishikilia kwamba alisaini kukubali kamera, na ni kweli alisaini. Lakini jirani hakusaini chochote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa shughuli yake, na taarifa za mtoto haziguswi hivihivi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Hakuna shughuli ya huduma kwa wateja inayohitaji mwili wa mtoto wa jirani. Katiba nayo, ibara ya 27, inalinda faragha ya nyumba ya mtu, na nyumba haigeuki ofisi yote kwa sababu kona yake moja ina meza. Wasimamizi tisa tuliitwa chumba kimoja, kila mmoja akafungua simu yake na kufuta picha ile mbele ya mwenzake. Wawili walikuwa wameshaituma kwingine. Ikabidi wawapigie waliowatumia, palepale, tukisikiliza.

Ukaguzi wa ghafla wa kamera ulifutwa. Sasa kamera hufunguliwa kwenye mkutano wa asubuhi tu, na mtu anaweza kufifisha kilicho nyuma yake.

Kesi ilifukua na jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta. Tulipokuwa tunapitia kumbukumbu zake za Juni, tuliona kwamba tarehe 3, Jumatatu, alikuwa kazini zamu nzima. Hiyo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda. Kyaliwajjala siku hiyo haina nafasi ya kupitisha hata baiskeli, mahujaji wanapita kwa miguu kuelekea Namugongo tangu usiku, na kwenye rekodi zake nyimbo zao zinasikika nyuma ya sauti ya mteja wa Tanzania anayeulizia salio. Sera ilisema sikukuu zetu zifuate kalenda ya mteja, na Tanzania siku hiyo si sikukuu. Lakini ajira ni ya Uganda, na sheria ya hapa iko wazi: anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma apewe siku nyingine ya mapumziko yenye malipo, au alipwe si chini ya mara mbili. Tangu sera ianze hakuna aliyepewa. Wote 23 walifidiwa kwa siku ile ya Juni, na kwa siku za nyuma mazungumzo yalikuwa bado yanaendelea nilipoondoka.

Umeme umebaki vilevile, na hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Umeme ukikatika Kyaliwajjala, mfanyakazi ana dakika 15 za kutuma ujumbe wa simu kuripoti. Akiripoti, muda huo hauhesabiwi kwenye kile kikomo cha saa 3, lakini unakatwa kwenye mshahara. Zamani tulipokuwa ukumbini, umeme ukikatika jenereta iliunguruma, mafuta yakalipwa na kampuni, na hakuna aliyekatwa hata shilingi. Jenereta ile iliuzwa. Hasara iliyokuwa ya kampuni imehamia kwenye meza ya pasi, pamoja na tokeni za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na bando la intaneti, ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kampuni hutoa shilingi 50,000 za intaneti kwa mwezi, kiwango kilekile cha 2021. Nilipendekeza inunue betri 23 za kuendesha kompyuta na ruta kwa saa chache, kwa sehemu ya pesa iliyookolewa kwenye kodi ya ukumbi. Pendekezo lilipokelewa, likawekwa kando.

Lililopita bila ubishi ni fomu. Ina swali moja, kwa Kiswahili: ni saa ngapi katika siku yako huwezi kuwa kwenye kompyuta, na kwa nini? Nilitarajia majibu matano au sita. Yalirudi 21. Wanaume watatu waliandika swala ya Ijumaa, ambayo kwa miaka walikuwa wakiikosa, wakiswali adhuhuri nyumbani, peke yao, jicho kwenye skrini. Mmoja alimwogesha baba yake aliyepooza kila saa nne asubuhi. Wawili walikuwa wananyonyesha. Mwingine aliandika saa ambayo bomba la mtaa wao hutoa maji, nusu saa tu, siku tatu kwa wiki. Mapumziko 18 yalisogezwa wiki hiyo, na matatu yaligongana na zamu za simu, ikabidi watu wabadilishane.

Jibu la mama wa Kyaliwajjala lilikuwa na saa mbili. Ya kwanza ilikuwa saa kumi na nusu, ambayo alishapewa. Ya pili aliiandika kwa herufi ndogo, kama mtu asiye na hakika kwamba inaruhusiwa: saa tano asubuhi, dakika 5, choo.

Tulimpa 10.